Bastola iko mfuko wa mwisho

Ukitaka kujua kama fulana ya kujiokolea ya rubani wa kijeshi imeandaliwa na mtu anayejua kazi yake, usianze na bastola. Tazama kamba. Kila kilichomo mifukoni, kuanzia redio hadi filimbi, kinatakiwa kiwe na ugwe wa nailoni, ncha moja kwenye kifaa na nyingine kwenye fulana, na urefu wake umruhusu mtu kunyoosha mkono wote bila kifaa kukwama. Ugwe ukiwa mfupi, mwenye nao atalazimika kuukata ili atumie kioo, na akishaukata kioo si chake tena. Ukiwa mrefu kupita kiasi utanasa kwenye mikanda ya parachuti. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale palipochimbika zaidi. Kilichoponyoka humo hakitafutwi.

Nimelichukua eneo la Kigoma na Tabora kuwa uwanja wa mfano kwa sababu lina mitihani miwili isiyofanana hata kidogo. Ndege ikipaa Kigoma ikaelekea magharibi, muda si mrefu iko juu ya maji, na ng'ambo ya Kongo iko zaidi ya kilomita arobaini. Ikielekea mashariki, ukishapita Uvinza ni mbuga za maji za Malagarasi na miombo mpaka Tabora. Vifaa ni vilevile vinavyobebwa na majeshi ya dunia. Kinachobadilika ni kipi kitangulie na kipi kitakusaliti.

Vifaa hivyo hukaa mahali patatu: mwilini, chini ya kiti, na ndani ya ndege. Vya ndani ya ndege vihesabu kuwa bahati, maana ndege huungua, huzama, au huangukia mbali na wewe. Vya chini ya kiti huenda ukaja navyo kama kiti kimekurusha salama. Vya mwilini ndivyo unavyomiliki. Kwa hiyo redio, bikoni (kifaa cha kutuma ishara ya dharura), kioo, kisu cha kukatia mikanda na mkanda wa kuzuia damu hukaa mwilini, hata kama kiti kimejaa vitu vizuri zaidi. Anayehamishia redio kwenye begi kwa sababu fulana inambana kifuani ameshaamua, bila kujua, kwamba siku ya ajali begi litakuwa karibu.

Kwenye ndege zenye kiti cha kurusha, yaani kinachomtupa rubani nje ya ndege, sanduku la chini ya kiti hubeba boti la mpira la mtu mmoja, maji, dawa na vingine. Parachuti ikishafunguka, sanduku hudondoka na kuning'inia kwenye kamba chini ya miguu, na boti hujijaza upepo. Viti vingi vya Marekani vina swichi yenye nafasi mbili: sanduku lijifungue lenyewe, au lingoje mkono wa rubani. Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Juu ya ziwa unataka lijifungue, maana aliyevunjika mkono hawezi kuvuta mpini. Juu ya miombo hutaki kabisa: sanduku linaloning'inia hunasa kwenye matawi, na mtu hubaki akibembea kati ya mti na parachuti. Anayetoka Kigoma kwenda Tabora anavuka mipaka hiyo ndani ya dakika chache, na swichi haijui.

Tuanze na maji, maana ndiyo yenye mitego mingi.

Ukishuka kwa parachuti ziwani, jaza jaketi okozi ungali hewani. Usijifungue kutoka kwenye parachuti mpaka miguu iguse maji. Ziwa likitulia asubuhi linakuwa kama kioo, na jicho halipimi urefu juu ya kitu kisicho na alama. Wapo waliodhani wamebakiza mita mbili wakaachia wakiwa juu sana. Miguu ikigusa, achia vifungo vyote viwili vya mabegani, kisha ogelea kuelekea upepo unakotoka, ili kitambaa kikae nyuma yako kisikufunike.

Sasa mtego ambao wengi hawaufikirii. Baadhi ya parachuti za kijeshi zina vifyatuo vinavyoachia vyenyewe vikizama, kwa ajili ya rubani aliyezimia. Vifyatuo hivyo vimeundwa kwa bahari: chumvi ndiyo inayopitisha umeme wa kuviwasha. Ziwa letu ni maji baridi. Chumvi yake ni haba mno ukiilinganisha na Bahari ya Hindi, hivyo aliyezoea kuruka pwani akahamishiwa huku anaweza kusubiri kitu ambacho hakitatokea, huku upepo wa kusini unamburuta. Huku mkono ndio kifyatuo. Mazoezi ya kuachia vifungo yafanyike kwa kila mkono peke yake, ukiwa umefumba macho na umevaa glavu zilizolowa.

Jaketi okozi lenyewe lina vifuko viwili, kila kimoja na kichupa chake cha gesi, na mrija wa kupuliza kwa mdomo kwa dharura ya dharura. La rubani wa kiti cha kurusha linaweza kuwa la kujijaza likigusa maji. La mtu wa helikopta halitakiwi kujijaza, na sababu yake ndiyo imeua watu wengi: jaketi likijaa ukiwa bado ndani, linakunyanyua mpaka darini na kukubandika hapo, mlango uko chini yako na huwezi kuzama kuufuata. Novemba 1996, ndege ya abiria iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro, watu 125 kati ya 175 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo waliojaza majaketi mapema wakanaswa ndani. Kwa hiyo amri ni moja: toka kwanza, jaza baadaye.

Helikopta ikianguka majini hupinduka, maana injini zake ziko juu. Utaratibu wa kutoka ni huu, na mpangilio wake usichezewe. Kabla ya kugusa maji, mkono mmoja ushike sehemu isiyohama ya kiti au fremu ya dirisha upande wa kutokea; huo ndio dira yako, usiuachie. Vuta pumzi. Subiri mtikisiko uishe kabisa, hata kama maji yamefika puani, kwa sababu anayejifungua mapema hutupwa na maji yanayoingia. Fungua au sukuma dirisha. Ndipo mkono wa pili ufungue mkanda, halafu ujivute kwa ule mkono ulioshika. Makosa mawili hujirudia: kufungua mkanda kabla ya dirisha, hapo unakosa cha kujiegemeza na kila ukisukuma dirisha unajisukuma wewe, na kuacha waya wa kofia umechomekwa, ukakurudisha nyuma kwa shingo.

Wengi wa helikopta hubeba pia kichupa kidogo cha hewa cha kupumulia chini ya maji. Hewa yake ni ya dakika chache, na hupungua haraka kadiri unavyozama na kadiri unavyohema kwa hofu. Hatari yake haionekani: ukishavuta hewa ya kichupa chini ya maji, usiizuie kifuani unapopanda. Hewa hiyo hutanuka, na mapafu yanaweza kupasuka hata kwa kina kisichozidi bwawa la kuogelea. Pumua nje njia nzima.

Maji ya juu ya ziwa huwa na joto la kama nyuzi 25 hivi. Wengi wanalitazama joto hilo wakasema hakuna baridi ya kuua. Mwili una nyuzi 37, na maji hunyonya joto kuliko hewa. Saa za usiku zikiwa nyingi, mtu huanza kutetemeka, vidole vinakataa, na fataki ya ishara aliyoiweka kwa ajili ya alfajiri hawezi tena kuivuta. Ndiyo maana boti la mpira halichukuliwi kuwa anasa. Panda kwa upande mwembamba, vuta kamba za ndani, usijaribu kurukia tumbo kwa ubavuni, litapinduka. Ukiwa ndani, ondoa maji, kaza kifuniko, na ufunge ugwe wa boti kwenye fulana kabla hujagusa kingine chochote. Boti tupu hukimbia na upepo kuliko mwogeleaji yeyote wa Kibirizi.

Kuna faida moja ya ziwa ambayo watu wa bahari wangeilipia: maji unayoelea juu yake yananyweka. Vifaa vya kuchuja chumvi viache pwani, nafasi yake ijazwe vidonge vya kusafishia maji, maana maji ya kandokando ya vijiji yana historia ya kipindupindu. Chota ukiwa mbali na ufukwe. Soma pakiti pia: vipo vidonge vya lita moja, na vipo vya ndoo ya lita ishirini vinavyouzwa madukani. Kidonge cha ndoo ukikitia kwenye chupa utapata maji yasiyonyweka. Cha chupa ukikitia kwenye ndoo hujasafisha kitu. Maji yakiwa meupe, nusu saa inatosha.

Sasa bikoni. Ile ya ndege, inayojiwasha kwa mshtuko wa ajali, ina maadui watatu: moto, waya wa antena kukatika, na kuzama. Mawimbi ya megahezi 406 hayapenyi maji. Ndege iliyoshuka mita mia chini ya ziwa imenyamaza kabisa, hata kama bikoni yake inafanya kazi sawasawa. Kwa hiyo ya mwilini ndiyo ya kutegemea. Hiyo hutuma ujumbe mfupi kila baada ya sekunde 50 hivi kwa satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, na betri yake inatakiwa idumu saa 24 angalau. Isiyo na GPS huwapa watafutaji eneo lenye makosa ya kilomita kadhaa. Yenye GPS huwapa mita mia hivi. Ziwani, tofauti hiyo ni tofauti ya kukutwa na kutokukutwa, kwa sababu kichwa cha mtu ndani ya maji hakionekani kutoka juu labda uwe juu yake kabisa.

Antena isimame wima, nje ya maji, mbali na mwili. Kuificha kifuani isilowe ni kosa la kawaida. Mwili wenyewe ni gunia la maji. Ukiiwasha, usiizime ili kutunza betri. Bikoni iliyosajiliwa kwa nchi nyingine, au isiyosajiliwa, huchelewesha kila kitu, kwa kuwa anayepokea ujumbe hajui ampigie nani simu. Na kama bado kuna mtu kwenye kikosi mwenye bikoni ya zamani ya megahezi 121.5 pekee, ajue kwamba satelaiti ziliacha kuisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Itasikika tu na ndege inayopita ikiwa imefungua masafa hayo. Kwenye redio za uokozi, masafa hayo na 243.0 ya kijeshi bado yana kazi: ndiyo ya kumwongoza mwokozi kilomita za mwisho.

Kilomita hizo za mwisho ndizo za macho. Kioo cha ishara chenye tundu katikati hakina betri, hakina tarehe ya kuisha, na mwako wake huonekana makumi ya kilomita jua likiwaka. Kilete karibu na jicho, nyoosha mkono wa pili, weka ndege katikati ya vidole viwili, kisha peleka doa la mwanga mpaka liguse vidole vyote viwili. Hata kama huoni ndege, pitisha mwako polepole kwenye upeo wa ziwa. Kiangazi chetu ni cha kioo. Masika mawingu yakitanda ni mzigo tu.

Fataki ya moshi na mwanga ya aina ya Mk-124 ina ncha mbili: ya mchana hutoa moshi wa rangi ya chungwa, ya usiku moto mwekundu, kila moja kwa sekunde 20 hivi. Ncha ya usiku ina vijinundu unavyovipapasa gizani. Ishike mkono ukiwa umenyooka, upande upepo unakoelekea, nje ya ukingo wa boti, kwa sababu hudondosha makaa na mpira hauvumilii makaa. Usiiwashe kwa kusikia mlio. Iwashe ukiiona ndege inakujia. Sekunde 20 ni chache kuliko muda wa helikopta kugeuka.

Taa ya kumweka usiku ina tatizo la hapa kwetu. Mwezi ukiwa gizani, Kigoma yote baharini (wenyewe tunaliita ziwa hivyo tukijisahau) huwa imejaa taa za wavuvi wa dagaa, na mwanga mmoja zaidi haushangazi mtu. Inayokutofautisha ni kule kumweka, siyo ukali wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika, nawe unabaki na ziwa peke yako. Pia kuna kufungwa kwa uvuvi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Anayepanga safari ya usiku akitegemea mtumbwi wa karibu atazame kalenda ya mwezi na tangazo la wizara. Ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliofika mwanzo. Huku pia huenda ikawa hivyo, na filimbi ya plastiki yenye thamani ya soda itamwita mvuvi aliyezima injini kuliko redio ya mamilioni, kwa sababu mvuvi hana redio hiyo.

Upande wa Tabora mambo yanageuka. Moshi, ambao vitabu vyote vinausifu, ni ishara dhaifu mno miombo ikikauka. Agosti na Septemba kila mtu anachoma: mkulima anasafisha shamba, mfugaji anatafuta majani mapya, mrina asali amesahau mwenge wake. Rubani wa utafutaji anaona mioshi kumi kwa mkupuo. Mioto mitatu kwa umbo la pembetatu inajitofautisha, mradi umefyeka nyasi kuizunguka, la sivyo upepo utakugeuzia moto wako mwenyewe. Moshi wa chungwa unajitofautisha zaidi. Kitambaa cha parachuti kilichotandazwa mahali pa wazi ni bora kuliko vyote viwili, hasa majani yakiwa yamepukutika.

Alama za ardhini ziwe na urefu wa mita mbili na nusu au zaidi: V ni kuomba msaada, X ni kuomba tabibu, mshale ni uelekeo uliochukua. Ndege ikikuelewa mchana itapepesa mabawa. Usiku itawasha na kuzima taa za kutua mara mbili. Isipofanya hivyo, chukulia haijakuona.

Kaa na ndege kama haiungui na kama huko si mikononi mwa adui. Ukilazimika kutembea, tembea alfajiri na jioni, na uhesabu lita nne au tano za maji kwa siku. Mito ya mchanga ikikauka, chimba upande wa nje wa kona, palipo chini zaidi. Dira ndogo inatosha sana huku kwa sababu ya reli: Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, inakata nchi kutoka mashariki hadi magharibi kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, na tawi la Mpanda linachomoka Kaliua kwenda kusini. Aliyeangukia Ugalla, pori lililo kusini mwa reli, akishika kaskazini au magharibi bila kuyumba ataikuta reli. Huhitaji kujua ulipo kwa usahihi. Unahitaji kujua reli iko upande gani.

Dalili ya watu msituni ni mizinga. Ukiona mzinga wa gome umening'inizwa, kuna njia ya mrina asali chini yake, na njia hiyo ina kambi mwisho wake. Usiusogelee mzinga wenyewe. Kuhusu mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo: huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi na kitu kinachotembea, na hubeba malale. Ovaroli ya buluu ni nzuri kwa gwaride. Kwa malaria, doksi (doksisaiklini) miligramu 100 kila siku, na iendelee wiki nne baada ya kutoka. Meflokwini haifai kwa warukaji kwa sababu ya athari zake kichwani. Akikuuma nyoka aitwaye moma, tuliza kiungo kwa gango, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Mkanda ule wa kuzuia damu ni wa jeraha linalobubujika: ufungwe vidole vitatu au vinne juu ya jeraha, ukazwe mpaka damu isimame, saa iandikwe. Beba miwili, kwa kuwa paja nene mara nyingine huushinda mkanda mmoja. Na ikae mahali ambapo mkono wowote unafika; mkanda ulio kwapa la kushoto haumsaidii aliyevunjika mkono wa kulia.

Nimefika kwenye silaha, na nimeziweka huku kwa makusudi.

Historia yake ni ya majaribio mengi. Wamarekani waliunda M6, bunduki ya kukunja yenye mitutu miwili, mmoja wa risasi ya .22 Hornet na mwingine wa marisau ya .410, risasi tisa na nne zikihifadhiwa ndani ya kitako. Badala ya kifyatulio cha kawaida ina ubapa wa kukamua, ili mtu mwenye glavu nene za nchi za barafu aweze kuitumia. Ilikuwa ya kupatia kitoweo, si ya vita. Wasovieti walijifunza kwa njia nyingine: mwaka 1965 chombo cha Voskhod 2 kilitua zaidi ya kilomita 300 nje ya mahali palipopangwa, kwenye msitu wa Ural wenye theluji na wanyama wakali. Baadaye wanaanga wao walipewa TP-82, bastola ya mitutu mitatu ambayo kitako chake kilikuwa panga. Panga hilo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu pekee ya silaha hiyo ambayo mtu wa Sikonge angeitumia kila siku.

Siku hizi Jeshi la Anga la Marekani limeiweka GAU-5A chini ya kiti: bunduki ya milimita 5.56 inayogawanyika vipande viwili, ikiwa na magazini manne ya risasi 30, na inaunganishwa ndani ya sekunde 60. Sanduku la kiti halikuongezwa ukubwa kwa ajili yake, kwa hiyo kila gramu ya bunduki ni nafasi iliyotoka kwa kitu kingine. Hilo ndilo swali la kuuliza kila silaha inapopendekezwa: imefukuza nini?

Angalia matukio mawili yanayojulikana. Juni 1995 huko Bosnia, Scott O'Grady alijificha siku sita baada ya F-16 yake kudunguliwa. Bastola alikuwa nayo na hakuifyatua; redio ndiyo iliyomtoa, pamoja na kunywa maji ya mvua na kulala kifudifudi bila kutikisika. Februari 2018 huko Idlib, Roman Filipov wa Su-25 alipigana kwa bastola ya Stechkin mpaka akazingirwa, akajilipua kwa guruneti. Bastola, hata ya kufyatua mfululizo, haimzuii kundi la watu wenye bunduki. Inakupa nafasi ya kuamua mwisho, basi.

Kwa mnyama ni vivyo hivyo. Risasi ya milimita 9 haimsimamishi nyati, inamkasirisha. Usiku wa Ugalla, moto na bodi ya ndege vinakulinda kuliko bastola.

Kuna hatari nyingine, ya watu. Mtu mwenye silaha, amevaa nguo zisizojulikana, akitokea porini upande wa Moyowosi, askari wa wanyamapori watamwona jangili kwanza. Jangili mwenyewe, na gobole lake, atamwona askari. Wote wawili wana sababu ya kupiga kabla ya kuuliza. Bastola ikae kwenye ala, mikono ionekane, salamu itangulie. Kwa mzee unayemkuta, "Shikamoo" inafungua mlango ambao magazini zima halifungui. Kwa wasio na lugha, majeshi huwapa hati ya kuomba msaada iliyoandikwa kwa lugha kadhaa, ikiahidi zawadi kwa atakayemsaidia mwenye nayo. Namba yake imechapwa kwenye kila kona: aliyekusaidia unampa kona moja, hati yenyewe unabaki nayo. Anayetoa hati nzima kwa mtu wa kwanza hana cha kumpa wa pili.

Hata mwokozi wako hana hakika nawe. Helikopta ikikaribia, silaha irudi kwenye ala, mikono juu au pembeni, piga goti, subiri. Kwenye redio utaulizwa mambo ambayo wewe pekee unayajua, yaliyoandikwa mapema kwenye kadi yako. Kadi hiyo ina pia namba ya siri ya tarakimu nne; haitajwi yote hewani, huombwa jumla ya tarakimu mbili tu, ili inayosikilizwa leo isiweze kutumiwa na adui kesho.

Ukaguzi wa haya yote si mgumu, ni wa kuchosha. Kichupa cha gesi hupimwa kwa mizani na uzito ulinganishwe na ule uliogongwa kwenye chuma chake. Jaketi hujazwa kwa mdomo na kuachwa mpaka kesho yake. Likilegea, kuna tundu, au valvu ina mchanga. Bikoni hujaribiwa kwa kitufe chake cha majaribio, siyo kwa kuiwasha. Fataki zilizoisha muda huondolewa zote, zisirundikwe kama akiba, maana gizani mkono hauchagui.

Halafu kamba, moja moja, kwa kuivuta kwa nguvu. Rivolva za Webley za Waingereza zilikuwa na pete chini ya mpini, ya kufungia ugwe, na bastola nyingi za kijeshi bado zina mahali pake. Huo ndio ugwe unaokutwa umelegea mara nyingi kuliko mingine yote. Redio na kioo hubaki kwenye fulana. Bastola hurudishwa ghala la silaha kila jioni, na asubuhi hufungwa upya na mtu mwenye haraka.